Mama Mkwe Kidoleni

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kila anayepita hapa hudhani ni la serikali. Mbao nilinunua mimi, misumari nilipiga mimi, nikaliweka nje ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja apate pa kukaa, mguu mmoja peku, akisubiri soli. Sasa mteja akija anakuta limejaa, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na waliolijaza hawana hata kiatu cha kushonwa. Kuna Hakimu, mzee mstaafu ambaye hajawahi kuwa hakimu; kazi yake ilikuwa kusimama mlango wa mahakama na kuita wenye kesi, na tangu alipostaafu anaamini hukumu zote zile alizitoa yeye. Birika la kahawa ni lake, ndiyo maana hatumfukuzi. Kuna Spana, fundi magari wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwake kila shida ya dunia ni nati iliyolegea. Kuna Pindo, fundi cherehani, mtu mpole, mwembamba, mwenye sindano kwenye ukosi wa shati hata siku za mapumziko. Mimi wananiita Gundi, na sababu si kazi yangu peke yake, ila hayo si ya leo. Mlango unaofuata baada ya kibanda changu ni wa sonara, na habari ya leo imetoka humo.

Yenyewe ni hii. Shemeji yetu, mke wa Pindo, aliugua viungo, vidole vikavimba mpaka pete ya ndoa ikaanza kumla nyama. Hospitali wakaikata kwa koleo. Alipata nafuu, lakini vidole havikurudi vilivyokuwa, na pete ikabaki vipande viwili ndani ya karatasi. Pindo akaamua amtengenezee nyingine, kwa siri, kwa mkono wa sonara, siyo ya kuokota dukani. Sonara akapima vile vipande akasema havitoshi kidole cha sasa ila kwa pete nyembamba, dhahabu haivutiki kama mpira wa soksi. Pindo akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akaleta hereni ya marehemu mama yake iyeyushwe pamoja na vile vipande. Na sonara wetu ana sheria yake: mali ya mtu haiingii motoni mpaka mwenyewe akae karibu atazame, asije baadaye akasema ameibiwa. Kwa hiyo asubuhi hiyo sonara alikuwa ndani anapuliza moto, na Pindo alikuwa kwenye benchi langu anasubiri kuitwa, hereni imefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kimefungwa kwenye ngumi. Ikishaingia motoni haitoki hereni tena. Hilo tulilijua sote, na ndilo tulilokuwa tunalipigia kelele.

Spana: Kwanza kipimo kimekaa sawa? Maana kile cha mwanzo kilikuwa aibu.

Hakimu: Kile cha mwanzo tusikirudie. Kesi ilifungwa.

Spana: Haijafungwa. Gundi hakuwepo, alikwenda kununua ngozi. Pindo, mweleze mwenzako.

Pindo: Nilimpima akiwa amelala. Kwa uzi.

Mimi: Sasa aibu iko wapi? Uzi si ndiyo kazi yako?

Pindo: Nikauzungusha kidoleni vizuri kabisa. Halafu nikaongeza kidogo.

Mimi: Ukaongeza nini?

Pindo: Nafasi ya kupumua. Na ya kupindia.

Hebu tuelewane hapo. Huyu mtu ameshona nguo maisha yake yote. Mkono wake haujui kukata uzi bila kuacha ya kupindia. Kapeleka ule uzi kwa sonara, sonara kauzungusha kwenye kidole gumba chake mwenyewe, ukabaki unaning'inia. Akauliza kwa adabu kama pete ni ya mkono au ni ya mguu.

Spana: Mimi ndiye niliyemwokoa. Nikampa nati za kila saizi, nikamwambia nenda nazo nyumbani, itakayomkaa ndiyo hiyo. Nati haina ya kupindia.

Mimi: Pindo. Ulimvisha mkeo nati?

Pindo: Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia mama watoto, lete mkono, kuna kitu nataka kujua. Akaleta. Nikajaribu ya kwanza, nikajaribu nyingine. Akaniangalia, akaniuliza, mzee mwenzangu, cherehani imekufa?

Spana: Lakini ikapatikana.

Pindo: Ikapatikana. Ya gurudumu la lori.

Spana: La mbele. Tuseme ukweli wote, shemeji asionewe.

Pindo: Aliutazama mkono wake una nati, akacheka. Halafu akaivua, akaurudisha mkono chini ya mwenzake. Siku hizi ndivyo anavyokaa, ule mkono anauficha chini ya huu mwingine. Wageni wakija, sawa, ningeelewa. Lakini hata tukiwa wawili tu anauficha.

Nampenda Pindo, nasema wazi, ingawa suruali yangu imekaa kwake muda mrefu kuliko ilivyowahi kukaa kwangu. Wanaume wengi wa umri wetu wangemaliza kwa kusema mke mwenyewe kasema hataki pete. Na kweli alisema hataki. Huyu hakumwamini.

Hakimu akamimina kahawa, akaanza na Pindo, ingawa zamu ilikuwa yangu.

Hakimu: Chanda chema huvikwa pete.

Spana: Na kilichovimba?

Hakimu: Methali haikutaja uvimbe. Sheria isipokataza, imeruhusu. Tuendelee. Pindo, nataka ujibu bila kuzunguka. Marehemu mama yako na mkeo, walipatana?

Pindo: Walipatana.

Hakimu: Kumbuka umekula kiapo.

Pindo: Kiapo gani? Mimi nimekunywa kahawa.

Hakimu: Kahawa ya nani?

Pindo: Yako.

Hakimu: Basi.

Pindo: Walipatana. Ila kwenye chumvi.

Mimi: Chumvi ya nini?

Pindo: Ya chakula. Mama alikuwa anasema mke wangu anatia chumvi kama anakausha samaki. Mke wangu anasema mama anatia chumvi kama ameiazima. Ikawa mmoja akitoka jikoni, mwingine anaingia, anaonja, anarekebisha. Akitoka huyo, yule anarudi. Mimi nimelishwa chakula cha kurekebishwa miaka na miaka.

Hakimu alikiweka kikombe chini taratibu, kwa namna ile anayodhani mahakimu huweka vikombe.

Hakimu: Umekwisha, kijana wangu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na wewe unataka kuwafunga kwenye pete moja.

Spana: Hao ni wanawake, mzee.

Hakimu: Sheria haibagui. Sikiliza. Dhahabu ya mama mkwe na dhahabu ya mkamwana, ukiziyeyusha pamoja, zinaendeleza kesi. Hiyo pete itabana. Sisemi itabana siku nzima. Itabana jikoni.

Mimi: Itajuaje kama iko jikoni?

Hakimu: Joto.

Spana: Acheni hizo. Madini ni madini. Hayana kumbukumbu. Mimi nimewahi kutoa pistoni kwenye lori la kubebea ng'ombe, nikaifunga kwenye gari la bwana harusi. Gari likaondoka safi kabisa.

Mimi: Likaenda wapi?

Spana: Machinjioni. Lakini ule ulikuwa uzembe wa dereva.

Hakimu alinyanyua mkono mmoja juu, kama mtu ambaye ushahidi umemwangukia miguuni. Spana akakuna kichwa, na nikaona ameanza kutafakari, jambo ambalo huwa halimalizikii pazuri.

Spana: Sawa. Tuseme kuna kumbukumbu. Dawa ipo. Gasketi.

Pindo: Gasketi kwenye pete?

Spana: Unamwambia sonara asichanganye. Dhahabu ya mama ikae nje, ya mke ikae ndani, katikati apitishe shaba nyembamba. Hawagusani. Kila mtu na upande wake, hakuna kuonja chungu cha mwenzake.

Hakimu: Hapo umefungua kesi nyingine. Nani ndani, nani nje? Wa nje ndiye anayeonwa na wageni. Wa ndani ndiye aliye karibu na nyama. Mama mkwe gani atakubali kukaa ndani asionekane?

Pindo: Mama hakupenda kuonekana.

Hakimu: Wote husema hivyo.

Katikati ya kelele hizo alifika mama mmoja amebeba mkoba, ana mkufu uliokatika anataka uungwe. Sonara akamjibu kutoka ndani kwamba asubiri, moto kwanza una kazi ya mtu. Yule mama akaliangalia benchi, hatukusogea. Akatuangalia sisi, tukasogea. Akakaa mwisho kabisa, mkoba mapajani, na Hakimu akampa kikombe, maana Hakimu ni mtu mzima mwenye adabu wakati wowote ambapo hatoi hukumu.

Na mimi ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na kiatu mkononi, kisigino kimekaa upande, mwenyewe anakuja kukichukua. Lakini ukikaa na hawa watu akili inaanza kutembea peke yake.

Mimi: Mimi naona mnajadili kubana wakati hatari iko kwingine. Shemeji atavaa pete, marehemu ataanza kusema kwa kinywa chake. Ataamka asubuhi amwite Pindo mwanangu. Atamwambia aoshe miguu kabla ya kupanda kitandani.

Pindo: Mbona hilo la miguu ananiambia sasa hivi.

Mimi: Umeona? Na bado hatujayeyusha.

Spana: Na jikoni je? Mkono wa kulia utamimina chumvi, wa kushoto wenye pete utaudaka hewani. Mtakula saa ngapi?

Hakimu: Mimi nilishasema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi: Hiyo inahusiana vipi na hapa?

Hakimu: Inahusu vidole.

Mimi: Na usiku je? Pindo amelala, anageuka, anamshika mkewe mkono. Kamshika nani?

Spana alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Hakimu alisema swali hilo halifai kuulizwa mbele ya akina mama, akamwomba radhi mgeni wetu, halafu akaniinamia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni swali zuri sana. Pindo hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa anakizungusha kile kitambaa kwenye vidole, anakifungua pembe moja, anakifunga.

Pindo: Mnajua mama alipolala kitandani ile mara ya mwisho, nani alikuwa anamlisha?

Spana alikuwa bado anacheka.

Pindo: Mke wangu. Daktari alikuwa amekataza chumvi kabisa, hata chembe. Basi huyu anapika, anapeleka, anakaa pembeni anamlisha kwa kijiko. Mama anameza, anameza tena, anamwangalia. Siku moja akamwambia, mwanangu, leo umepatia.

Spana aliacha kucheka.

Pindo: Mke wangu alitoka nje akalia uani. Mimi nilikuwa nashona, nikamsikia, sikutoka. Sikujua niseme nini. Sasa ninyi mnaniambia watagombana. Mimi nataka wakae pamoja. Ndiyo maana nimeleta hii. Huyu ana dhahabu yake iliyokatwa, na yule ana dhahabu yake iliyobaki sandukuni, na wote wawili ni wangu. Nikiona ule mkono umetolewa tena nje, unashika kikombe mbele ya watu, mimi nitakuwa nimemaliza.

Spana alijipangusa uso kwa kitambaa chake cha grisi, akajipaka zaidi ya alivyojifuta. Hakimu akasimama. Huwa anasimama kwa mambo mazito tu, magoti yake hayana mchezo.

Hakimu: Baada ya kusikiliza pande zote, walio hai na waliotangulia, baraza hili linaona kwamba chumvi ilikwisha siku ile. Hakuna kesi. Hereni ya mama iyeyushwe na pete ya mke, mama na mkwe wakae kwenye kidole kimoja kwa amani. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Samaki wa nini tena?

Hakimu: Dhahabu nayo huwezi kuikunja ikishapoa. Keti, Gundi.

Spana: Mimi naunga mkono. Bila gasketi.

Mimi: Na mimi.

Tulikuwa tumekubaliana, kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye benchi lile. Tuliwahi kushindwa kukubaliana kama mvua inanyesha. Na kama vile alikuwa anasubiri hukumu, sonara akaita kutoka ndani.

Sonara: Pindo, moto umeshika. Lete tuanze.

Pindo akainuka. Akafungua kitambaa mbele yetu, nadhani alitaka na sisi tuione kabla haijaenda. Ilikuwa hereni ndogo, jani moja limekunjwa kwenye kitanzi, ncha ya jani imelika kidogo kwa kuvaliwa. Sote tukainama. Yule mama mwenye mkufu naye akasogeza kichwa.

Yule mama: Samahanini, wazee wangu. Ndiyo hii?

Hakimu: Ndiyo hii, mama.

Yule mama: Nimekaa hapa nawasikia. Hereni ya mama, hereni ya mama. Kila mmoja anasema ya. Sijasikia hata mmoja akisema za.

Hakimu: Lugha inaruhusu.

Yule mama: Lugha inaruhusu, sikatai. Lakini mtu ana masikio mawili. Ya pili iko wapi?

Nilimwangalia Hakimu. Hakimu alikuwa anaangalia ndani ya birika, akaligeuza, halikutoa kitu. Spana aliniangalia mimi. Tulikuwa tumejadili nani akae ndani na nani akae nje, tumeshazungumzia mpaka kitanda cha watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba hereni huja mbili. Viatu navishona mimi, jozi kwa jozi, maisha yangu yote. Hapo niliona aibu, siwezi kuficha.

Pindo alibaki amesimama na kitambaa kimefunguka.

Pindo: Iko kwa dada yangu.

Mimi: Una dada?

Huyu mtu najua kikombe anachopendelea. Najua meno yake yapi yanauma na watoto wake wepi wanapiga simu na wepi hawapigi. Neno dada sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Pindo: Mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni huyo. Siku ya kugawana vitu vya mama tulikuwa tumekwenda vizuri, vyombo vizuri, kitanda vizuri. Zikabaki hizi. Yeye akasema hereni ni za mtoto wa kike. Mimi nikasema mama aliniambia nimpe mke wangu. Na nadhani sote tulikuwa tunasema kweli, mama alikuwa mtu wa kumfurahisha kila aliyekaa karibu naye. Tukapandishiana sauti mbele za watu. Mwisho yeye akachukua moja, mimi nikachukua moja, kila mtu akashika njia yake.

Yule mama: Mligawana hereni?

Pindo: Tulikuwa na hasira, mama.

Yule mama: Ikawa haina faida kwako wala kwake.

Pindo: Mke wangu aliniambia hivyo hivyo. Aliniambia nirudishe. Nikamwambia nitarudisha. Hakuwahi kuigusa, hata kwa kuijaribu.

Yule mama: Na huyo dada, anajua kwamba mwenzake inaingia motoni leo?

Alimaanisha hereni hii, mwenzake na ile ya dada. Hakimu alifungua kinywa, nikamwona anatafuta methali, akakifunga. Sonara akatokea mlangoni, koleo mkononi, uso umeiva kwa moto.

Sonara: Jamani, mkaa unaisha bure. Naweka au siweki?

Pindo: Fundi, bila hii, pete inatoka?

Sonara: Inatoka. Nilikuambia mwanzo kabisa. Itakuwa nyembamba.

Pindo: Nyembamba kiasi gani?

Sonara: Mtu wa mbali hataiona. Wa karibu ataiona.

Pindo: Haitakatika?

Sonara: Nikiifua mimi haikatiki.

Pindo aliiangalia ile hereni. Nilijua anachokiacha. Alikuwa ameshaona picha nzima kichwani, mama yake na mkewe kwenye kidole kimoja, na sisi wapumbavu ndio tuliomsaidia kuipamba. Akakunja kitambaa pembe kwa pembe, kama anavyokunja nguo ya mteja, akakitia mfuko wa shati, ule wa upande wa moyo, akaufunga kifungo.

Pindo: Ifue nyembamba. Mama watoto yuko karibu, ataiona.

Sonara: Basi njoo utazame.

Pindo: Punguza moto kidogo, fundi. Nina simu ya kupiga.

Sonara akatuangalia mmoja mmoja. Huwa hapendi kupunguza moto. Akarudi ndani, tukasikia mivukuto ya kupulizia moto imepoa.

Pindo akatoa simu, akatafuta, na nikaona jina bila kukusudia. Hakuwa ameandika jina la mtu. Ameandika Dada tu, na namba haikufutwa miaka yote hiyo. Akabonyeza. Simu ikawa inamgonga sikio. Spana akamshikia, na hapo kipaza sauti kikafunguka, barabara nzima ikasikia simu inaita. Spana mpaka leo anaapa kwamba ni grisi, kidole kiliteleza. Tusigombane, kila mmoja wetu alikuwa anataka kiteleze.

Simu: Nani?

Pindo: Ni mimi, Dada.

Kulikuwa na sauti ya sufuria inawekwa chini.

Simu: Nani amefariki?

Pindo: Hakuna. Wote wazima.

Simu: Na wifi? Nilisikia mikono inamsumbua.

Pindo: Ilimsumbua sana. Sasa ana nafuu.

Simu: Asifulie maji ya baridi. Mwambie. Mkaidi yule, najua.

Pindo: Nitamwambia.

Simu: Haya.

Haya ile ilikuwa ya mtu anayeaga na hataki kukata. Pindo akawa anaangalia simu mkononi mwa Spana kama mtu asiyejua kazi yake. Yule mama mwenye mkufu akamgusa kiwiko.

Pindo: Dada. Ile hereni ya mama, bado unayo?

Simu: Ninayo.

Pindo: Umeiweka wapi?

Simu: Niiweke wapi tena? Naivaa.

Pindo: Moja?

Simu: Sasa ningevaa ngapi, na nyingine unayo wewe?

Hakusema kwa ukali, wala kwa kulaumu. Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji. Nikamfikiria mwanamke mtu mzima anakwenda sokoni, anakwenda misibani, anasalimia watu, sikio moja lina jani la dhahabu na jingine tupu, na watu wanamwuliza mama umedondosha hereni, naye anasema hapana.

Hakimu alikuwa amevua kofia. Ndani kwa sonara mivukuto ilikuwa imenyamaza kabisa, mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na koleo lake, naye anasikiliza. Ndipo ikasikika sauti ya kwikwi, ya mtu mzima anayejizuia na anashindwa, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Simu: Nani huyo analia?

Hatukujua tumjibu nini, maana hakuwa mmoja.